Kiongozi Asiye na Kiti cha Enzi: Kuwasanifu Viongozi wa Historia Yetu katika Michezo ya Mikakati

Mhadhara uliotolewa Kerende, wilayani Tarime, mbele ya wazee, walimu na vijana

  Nawashukuru kwa kukubali kuketi pamoja, wazee na vijana, kuzungumza juu ya jambo ambalo wengi huliona la watoto.

Madhumuni yangu ni haya. Wako vijana wetu wanaotaka kutengeneza gemu za kompyuta na za simu zinazotumia historia yetu. Wataulizana: tumweke nani awe kiongozi, na tumpe uwezo gani? Nataka kuonyesha kwamba swali hilo ni swali la historia kabla ya kuwa swali la kompyuta, na kwamba sisi watu wa Mara tuna jibu ambalo watengenezaji wakubwa wa dunia bado hawajalifikiria.

Kwa wazee ambao hawajaushika mchezo wa aina hii, nieleze kidogo. Mchezaji hupewa taifa dogo kwenye ramani, labda mji mmoja na askari mmoja. Kila zamu ikifika anaamua: alime, ajenge, afanye biashara, au apigane. Anacheza dhidi ya watu wengine, au dhidi ya kompyuta. Kabla ya kuanza humchagua kiongozi, mwenye sura, mavazi, lugha, na uwezo maalumu ambao wengine hawana. Mmoja anapata askari wenye nguvu, mwingine masoko yake yanaleta dhahabu nyingi. Uwezo huo ndio unaomfundisha mchezaji, bila yeye kujua, kwamba taifa lile lilikuwa la namna gani. Mtoto wa Brazil au wa Korea anaweza kumaliza shule bila kusoma ukurasa mmoja juu ya Afrika, lakini akakaa na kiongozi wa Kiafrika kwenye kioo chake saa mia moja. Kwa hiyo jambo hili ni zito.

1. Tumekuwamo, ila kama mali na mawe

Mchezo mashuhuri wa aina hii ni Civilization, uliotengenezwa na Sid Meier wa Marekani na kutoka mwaka 1991. Katika toleo lile la kwanza, Afrika yote kusini mwa Sahara iliwakilishwa na Wazulu peke yao, chini ya Shaka. Mataifa 14 ya kuchagua, na sisi sote tukawa Shaka.

Miaka ikaenda, matoleo yakaongezeka. Mwaka 2005 likatoka toleo la 4. Mchezaji akilifungua anapokewa na wimbo wa Kiswahili, "Baba Yetu", ambao Christopher Tin, mtunzi wa Marekani, aliutunga kwa maneno ya Sala ya Bwana. Mwaka 2011 wimbo huo ukashinda tuzo ya Grammy, wa kwanza kushinda kati ya nyimbo zote zilizotungwa kwa ajili ya gemu. Watu wa dunia nzima wameuimba Kiswahili kile. Lakini ndani ya mchezo wenyewe hapakuwa na taifa lolote la Waswahili la kuchagua, wala kiongozi mmoja aliyekizungumza Kiswahili hicho.

Toleo la 6, la mwaka 2016, likatuongeza tena. Zanzibar imo, kama mji mdogo usiochezeka. Mchezaji akijenga urafiki nao anapata karafuu na mdalasini. Katika nyongeza ya mwaka 2018 ikaingia Kilwa Kisiwani, kama jengo la ajabu ambalo taifa lolote linaweza kulijenga pwani, hata Warusi. Tafakarini hilo, ndugu zangu. Kilwa imekuwa jengo, Zanzibar imekuwa ghala la viungo. Waliojenga majumba yale ya matumbawe, waliopanda karafuu zile na waliochapwa viboko wakizichuma hawana jina.

Mchezo mwingine, Age of Empires II, ulipata mwaka 2015 nyongeza iliyoitwa African Kingdoms. Mali imo na Ethiopia imo, na wametendewa kwa heshima. Lakini pwani yetu inaonekana kupitia kampeni ya Francisco de Almeida, Mreno yule aliyeiteka Kilwa na kuichoma moto Mombasa mwaka 1505. Mtoto wa Mombasa akiicheza kampeni hiyo anakaa upande wa mwenye kuchoma.

Nisiwe mchoyo wa haki. Europa Universalis IV, mchezo wa Waswidi wa mwaka 2013, unamruhusu mchezaji kuichagua Kilwa na kuiongoza. Na Civilization VII, iliyotoka Februari 2025, imeileta Buganda yenye askari wake na makaburi ya Kasubi. Hatua hizo ni za kupongezwa. Hata hivyo, mchezo ule ulipotoka, Buganda ilikuwamo bila Kabaka yeyote katika orodha ya viongozi.

2. Uwezo utoke kwenye tendo lililotendeka

Wasanifu wengi hufanya hesabu rahisi. Katika Europa Universalis IV kila mtawala ana alama tatu, za utawala, za diplomasia na za jeshi, kila moja kuanzia 0 hadi 6. Njia hiyo inafaa pale unapokuwa na watawala mamia. Lakini namba 4 ya diplomasia haikwambii mtu huyu alifanya nini. Civilization hufuata njia nyingine: uwezo mmoja ulioshonwa na historia. Shaka wa toleo la 6 anaweza kuunganisha vikosi vyake mapema kuliko wengine, na jambo hilo lina mzizi, maana Shaka kweli aliunda majeshi ya marika, amabutho.

Niwape mfano wa kwetu ambao haujatumika. Mwaka 1331 Ibn Battuta alifika Kilwa, akamkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa Abu al-Mawahib, baba wa vipawa, kwa ukarimu wake. Msafiri yule anasimulia kwamba fakiri mmoja kutoka Yemen alimsimamisha Sultani akitoka msikitini siku ya Ijumaa, akamwomba nguo alizovaa. Sultani akarudi ndani, akazivua, akampa. Anasimulia pia kwamba Sultani huyo alikuwa akivamia watu wa bara na kuteka mali, na sehemu ya tano ya mateka akiitenga kwa ajili ya Mungu. Kisha alipofariki akamfuata nduguye Daudi, ambaye mwombaji akimjia alikuwa akimjibu kwamba mtoaji amekwisha kufa.

Oneni utajiri uliomo. Msanifu mvivu ataandika: Sultani wa Kilwa, dhahabu inaongezeka. Msanifu aliyesoma atasema hivi: kila zawadi anayoitoa inamletea wageni, wanazuoni na jina kubwa katika bandari za mbali, lakini zawadi haiokotwi, inatoka kwenye dhahabu ya Sofala au kwenye uvamizi wa majirani. Akivamia mno, bara inamgeukia. Akiacha kuvamia, mikono yake inakauka. Na akifa, nduguye hairithi sifa yake. Hapo mchezaji ana jambo la kuamua kila zamu, na Sid Meier mwenyewe amefundisha kwamba mchezo mzuri ni mfululizo wa maamuzi yenye mvuto.

3. Uwezo uwe na gharama, na gharama iwe ya kweli

Mfano bora wa gharama ambao nimeuona katika gemu za nje ni Mvemba a Nzinga wa Kongo, mfalme aliyebatizwa kwa jina la Afonso, aliyetawala tangu mwaka 1509 hadi miaka ya mwanzo ya 1540. Katika Civilization VI hawezi kujenga mahali patakatifu pa dini yake mwenyewe, wala hawezi kuanzisha dini. Badala yake, dini ya wageni ikienea katika miji yake mingi, anapata faida zote za dini hiyo. Mchezaji anahisi mwenyewe hali ya mfalme yule: mlango uliofunguliwa kwa wageni unaleta nguvu na unaleta utegemezi, kwa wakati mmoja.

Lakini kuna kilichoachwa. Mwaka 1526 Afonso alimwandikia mfalme wa Ureno kulalamika kwamba wafanyabiashara wa Kireno wanawakamata watu wake na kuwauza, hata jamaa zake. Malalamiko hayo hayamo kwenye uwezo wake. Mchezo umechukua ubatizo, umeacha kilio. Kama ingekuwa kazi ya vijana wa hapa, ningewaambia: kila meli ya wageni inayotia nanga na iongeze bunduki na dini, na ipunguze watu.

Sasa tuje Iringa. Mtwa Mkwawa wa Wahehe aliwavizia Wajerumani pale Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, na kamanda wao Emil von Zelewski akauawa pamoja na sehemu kubwa ya kikosi chake. Kila kijana akisikia hivyo anataka kumpa Mkwawa uwezo wa kuvizia, na ni sawa. Lakini ukuu wa Mkwawa kwangu uko baada ya pale. Ngome yake ya Kalenga ilianguka mwaka 1894. Katika karibu kila mchezo wa mikakati, mji mkuu ukitekwa nguvu zako huporomoka. Mkwawa aliendelea miaka karibu minne bila mji, akihama porini, akilishwa na watu wake, mpaka tarehe 19 Julai 1898 alipojipiga risasi asikamatwe. Uwezo wake unaofaa ni huo: taifa lake halifi mji ukianguka. Na gharama yake ni kwamba kila kijiji kinachomlisha kinaonekana kwenye ramani ya adui, na adui anakichoma. Mchezaji atalazimika kujiuliza usiku kijiji kipi kibebe mzigo wa kesho. Hakuna kitabu cha darasa la saba kinachoweza kumuuliza mtoto swali hilo kwa uzito ule.

Kichwa cha Mkwawa kilidaiwa hata kwenye mkataba wa Versailles wa 1919, na fuvu likarudishwa mwaka 1954. Kiongozi ambaye mataifa yaligombea fuvu lake miaka mingi namna hiyo anastahili zaidi ya alama tano za jeshi.

Kwa Mirambo wa Unyamwezi nitapita haraka. Alikusanya wapiganaji walioitwa rugaruga, akaishika njia ya misafara kati ya Tabora na Ujiji, akawapiga Waarabu wa Tabora, akafa Desemba 1884, na dola yake haikudumu baada yake. Wenye gemu huwafanya viongozi waishi miaka elfu sita, kuanzia mkuki hadi roketi. Mirambo asiwe hivyo. Awe na nguvu kuliko wote kwa zamu chache, halafu afe.

4. Maji ya Kinjeketile

Hoja hii naitenga kwa sababu ndiyo ngumu kuliko zote, na kijana atakayeishinda hiyo ameshinda kazi yote.

Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe, kule Matumbi, alitoa maji aliyosema yatageuza risasi za Wajerumani. Vita vya Maji Maji vikaanza mwaka 1905, yeye akanyongwa mapema mwezi Agosti mwaka huo huo, na vita vikaendelea hadi 1907 bila yeye. Wajerumani wakachoma mashamba na maghala, njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Makadirio ya waliokufa huanzia 75,000 na kufika 300,000.

Tumpe uwezo gani? Ukiwapa askari wake kinga dhidi ya risasi, umedanganya, na umewatukana waliokufa. Ukisema maji hayakufanya kitu, uwezo wake sifuri, umedanganya vilevile. Maji yalifanya kitu kikubwa. Watu wa makabila zaidi ya 20, wenye lugha zao, ambao hawakuwahi kuwa na mfalme mmoja wala jeshi moja, walisimama pamoja kutoka Kilwa hadi Songea na Mahenge. Mwandishi Ebrahim Hussein aliliona hilo, na tamthilia yake ya mwaka 1969 inamwonyesha Kinjeketile mwenyewe akipambana na uzito wa neno alilolitoa.

Pendekezo langu ni hili. Uwezo wa Kinjeketile uwe ni umoja: anaweza kuungana na vijiji visivyo vya taifa lake, bila dhahabu, bila mkataba, kwa kasi ambayo kiongozi mwingine haiwezi. Umoja huo uendelee hata yeye akiondolewa kwenye ramani. Risasi ziue kama kawaida. Na adui anapochoma mashamba, hesabu ya njaa iendelee zamu nyingi baada ya mapigano kwisha, ili mchezaji asione neno "vita vimekwisha" akadhani mambo yamekwisha.

Naona mwalimu mmoja pale anatikisa kichwa. Najua wasiwasi wake, kwamba mateso ya watu yanafanywa mchezo. Namjibu kwa heshima: mateso hayo yamekwisha kuwa mistari minne ya kukariri kwa ajili ya mtihani. Sioni kwamba hiyo ni heshima kubwa zaidi.

5. Wakurya na kiongozi asiye mtu mmoja

Sasa nifike nyumbani, na hapa naomba mnivumilie, maana ndipo nilipokusudia kufika tangu mwanzo.

Mchezo wowote wa mikakati unataka sura moja. Unataka mfalme, malkia, rais. Wakurya hatukuwa na mfalme. Ardhi iligawanyika kwa koo, Wanyamongo, Wairege, Wanyabasi, Wakira, Wanchari, Watimbaru na wengine, kila ukoo na nchi yake, ikiaro chake. Mambo ya hadhara yalizungumzwa kwenye ritongo, mkutano wa wazi. Mambo mazito ya kulinda nchi yalikuwa mikononi mwa inchama, baraza la siri la wazee. Na watu walipangwa kwa vizazi, amakora, vyenye mizunguko miwili, kila mzunguko majina manne. Mtoto anaingia kizazi kinachofuata kile cha baba yake, mjukuu kinachofuata, kitukuu cha nne, na kilembwe anarudi kwenye jina la mzee wa kwanza. Majina yenyewe mnayo nyinyi wazee, na vijana wasisubiri mhadhara ili wayaulize.

Majirani zetu walifanana nasi katika hilo. Wazanaki, Wangoreme, Waikoma, Wanata, hao nao waliishi kwa marika, kwa waganga wa mvua na kwa watabiri. Waikoma hadi leo wanazo Machaba, pembe za ndovu wanazozitunza, ambazo asili yake wanaisimulia kwa mtabiri wa Kitatoga. Ukoloni ulipofika ulitafuta machifu, na pale usipowaona ukawaweka. Uchifu wa Zanaki, ambao Nyerere Burito aliushika, ulikuwa jambo jipya kwa watu wake, na mwanawe Julius, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922, alikua akiuona uongozi wa namna zote mbili.

Msanifu wa kigeni akija Mara atafanya alichofanya mkoloni: atatafuta chifu. Asipompata atamtunga mwenye ngozi ya chui na mkuki. Vijana, nyinyi msifanye hivyo. Sanifuni kizazi kiwe kiongozi.

Itakuwaje? Mchezaji wa Wakurya asichague sura. Aanze na kizazi kimoja kilichokomaa, chenye hekima ya aina fulani, tuseme ya kupatanisha au ya kulinda mifugo. Baada ya zamu kadhaa kizazi hicho kinazeeka, kinachofuata kinapanda, na uwezo unabadilika, apende asipende. Mataifa mengine yana kiongozi yule yule miaka elfu sita, yeye ana uongozi unaojifufua. Udhaifu wake ni kwamba hawezi kupanga mbali kwa ajili ya kizazi kimoja. Nguvu yake ni kwamba adui hawezi kumuua kiongozi wake, maana hakuna kichwa kimoja cha kukata.

Mambo makubwa, kama vita au kuhama, yasiamuliwe kwa kubonyeza kitufe. Yapelekwe ritongo, na pale mchezaji awe na sauti moja kati ya nyingi. Atalazimika kuandaa hoja na kusubiri. Vijana wa rika la kupigana wawe na akili yao. Wakikaa muda mrefu bila mahari ya kuolea, waende kuiba ng'ombe wa ukoo wa jirani bila ruhusa ya wazee, na mchezaji abaki na kesi ya kusuluhisha. Mnacheka, lakini wazee hawacheki, kwa sababu wanajua mapigano ya koo yaliyoanza hivyo yamegharimu watu wangapi. Gharama hiyo iwemo.

Wanawake wasisahauliwe kama walivyosahauliwa kwenye vitabu. Nyumba ntobhu, ambapo mwanamke anaoa mwanamke ili mji wake uendelee na mali isipotee, ni utaratibu wa nchi hii unaompa mama nafasi ya mwenye mji. Gemu inayohesabu miji yenye wakuu wanaume peke yao itakuwa imehesabu vibaya. Na kwa kuwa nasema juu ya kina mama, niseme na hili waziwazi: si kila kilichofanyika kwa jina la mila kigeuzwe kuwa uwezo wa kujivunia. Ukeketaji umewaumiza dada zetu. Hauna alama za kumpa mchezaji.

Je, dunia itakubali kiongozi asiye mtawala? Imekwisha kukubali. Civilization VII ina Machiavelli, Benjamin Franklin na Harriet Tubman kwenye orodha ya viongozi wake, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa mfalme au rais wa nchi. Hatua iliyobaki ni ndogo: kutoka kwa mtu asiye mtawala kwenda kwa uongozi usio wa mtu mmoja.

Mtaniuliza, na Mwalimu Nyerere je, mwana wa mkoa huu? Awemo, tena asanifiwe kwa ukweli. Uwezo wake uwe kuunganisha watu wa lugha zaidi ya mia moja kwa Kiswahili na kwa shule. Gharama yake ikae kwenye chakula, katika zamu zile za kuhamishia watu vijijini miaka ya 1970. Na awe kiongozi wa kwanza kwenye mchezo wowote mwenye uwezo wa kung'atuka kwa hiari, kama alivyofanya mwaka 1985, na taifa lake lipate faida kwa kitendo hicho.

6. Ruhusa ya wenyewe

Mwisho, kuna adabu. Wasanifu wa Civilization V walitaka kumweka Popé, aliyeongoza maasi ya Wapueblo dhidi ya Wahispania mwaka 1680. Viongozi wa Wapueblo hawakutaka lugha yao irekodiwe kwa ajili ya mchezo. Wasanifu wakakubali, wakawaweka Washoshone. Mwaka 2018 mchezo huo huo, katika toleo la 6, ukamweka Poundmaker wa Wakree wa Kanada, na Milton Tootoosis, mmoja wa viongozi wa jamii hiyo, akalalamika hadharani kwamba gemu imewafanya watu wake waonekane kama wapenda kuteka ardhi za wengine, jambo ambalo halikuwa lao. Kampuni inayoutengeneza mchezo huo ilijifunza. Kwa ajili ya Tecumseh wa Civilization VII ilikaa na Washawnee wenyewe, na lugha yao ikasikika ndani ya mchezo kwa vinywa vyao.

Kwa hiyo, vijana, kabla ya kumchora mzee wa inchama nendeni kwa wazee. Watawaambia lipi la kuonyesha na lipi la kuacha. Mambo ya jando yaliyo siri yabaki siri, gemu haitapungukiwa. Nanyi wazee wangu, msiwafunge mlango. Historia ya nchi hii imekwisha kuandikwa kwa mikono ya watu wetu wenyewe. Mwaka 2003 mwanahistoria Jan Bender Shetler alizichapisha historia zilizoandikwa na wazee wa Mara Kusini, na kazi ile isingekuwapo kama wazee wale wangekaa na maandishi yao kabatini.

Ndugu Mwenyekiti, namalizia kwa kutazama mbele. Kuna mtu atasema gemu ni kazi ya mamilioni ya dola. Kampuni ya Kiro'o Games ya Yaoundé, Kamerun, ilitoa mwaka 2016 gemu yake Aurion, yenye hadithi ya Kiafrika, kwa fedha walizochangisha kwa wananchi na kwa watu wa mtandaoni. Leo programu kama Godot zinapatikana bure kabisa. Hata kompyuta si ya kuanzia. Wasanifu wote wazuri huanza na karatasi. Chukueni boksi la katoni, mchore ramani kuanzia Tarime hadi Mugumu, Mto Mara katikati. Kete za bao ziwe ng'ombe, punje za mahindi ziwe chakula, kadi za karatasi ziwe vizazi. Chezeni, mbishane, mfute, mrekebishe.

Ninaloomba kwa walimu ni saa moja kwa wiki baada ya vipindi, na chumba. Kwa serikali ya kijiji, ninaomba kompyuta chache zenye umeme wa uhakika. Kwa wazee, naomba wachague wawili au watatu watakaokaa na vijana na kuwasahihisha. Na kwa vijana naomba jambo moja la kuanzia: kabla ya likizo ijayo, kila mmoja alete jina la kizazi cha babu yake, jambo moja ambalo kizazi hicho kililifanya, na gharama waliyoilipa. Mkiniletea hayo, nitarudi Kerende tukae sakafuni tuanze kuchora.